Matuta Mawili ya Getini

Majengo ya Thika ilikuwa na digrii zake ilizozijua. Ukisema udaktari, mzee anaanza kukohoa ili apimwe palepale. Ukisema uwakili, mwenye kesi ya shamba anakusogezea kiti. Ukisema uhasibu, akina mama wanaulizana kama umeshachumbiwa. Basi mwaka wa tisini na nne, Ruqayya binti Swaleh alipopata nafasi ya chuo kikuu na kusema anakwenda kusomea mazingira, mtaa ulimtazama kama mtu aliyetumwa nyama akarudi na fagio.

“Mazingira ni nini?” aliuliza mama yake, Mwanaharusi. “Kuokota makaratasi?”

“Na kuuliza nani ameyatupa,” Ruqayya alijibu.

Jina la Bi Takataka lilimpata kabla hajafunga sanduku. Mwingine angelia. Yeye aliitika. Ukimwita Bi Takataka alikujibu, “Abee, leo umetupa nini?” na ulimi huo ndio uliomfanya shangazi yake aseme kwamba msichana huyu hata angesomea upishi angegombana na sufuria.

Baba yake hakucheka. Swaleh alikuwa mnyapara katika kiwanda cha ngozi, idara ya majimaji, pale ngozi mbichi zinaposhushwa zikinuka, zikalowekwa kwenye chokaa, kisha kwenye dawa ya kromu mpaka zitoke na rangi ya buluu. Kazi hiyo ilimlisha tangu ujana na kumpa heshima msikitini, maana kila Idi Kubwa ngozi za wanyama waliochinjwa Majengo zilikusanywa kwa ajili ya madrasa, na ni Swaleh aliyezifikisha kiwandani na kuhakikisha hazikataliwi. Ilimpa pia vidonda vidogo vya mviringo kwenye vidole, visivyopona vizuri, ambavyo yeye aliviita vya uzee.

Alikuwa na kitu kimoja cha ajabu, huyu Swaleh. Aliacha shule mapema, na kwa sababu hiyo aliiogopa shule kama watu wanavyoogopa kiapo. Ruqayya alipokuwa darasa la pili alitumwa na mwalimu aoteshe maharagwe kwenye kopo lenye pamba. Mwanaharusi akaliona dirishani, akadhani ni uchafu, akalimwaga. Siku hiyo mtaa mzima ulimsikia Swaleh. “Kitu cha shule hakiguswi mpaka mwalimu akione!” Tangu hapo ikawa sheria ya nyumba. Kuku wa karatasi ya manila, lori la makopo, chungu cha udongo kilichopasuka, vyote vilikaa juu ya kabati vikisubiri mwalimu.

Kwa hiyo hakumkataza binti yake kwenda kusoma. Alimwekea mpaka tu.

“Nitakuacha mpaka mwaka wa kwenda kujifunza kazini,” alimwambia. “Hiyo mazingira yako ikikupatia kazi yenye meza, nitanyamaza. Isipokupatia, unahamia kusomea biashara, na hatutabishana.”

“Tutabishana, Baba. Lakini nimekubali.”

Chuo kilikuwa upande wa Ruiru, na huko Ruqayya alipanga chumba na Maxine, msichana wa darasa lao ambaye baba yake, Omondi, alikuwa ametoka Siaya miaka mingi nyuma kuja kufuma nguo katika kiwanda cha nguo cha Thika. Mwalimu wao alikuwa Daktari Nakhumicha, mwanamke mfupi wa Bungoma mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Wiki ya kwanza hakuwafundisha chochote darasani. Aliwapakia kwenye basi la chuo akawapeleka hadi kwenye geti la kiwanda hichohicho cha nguo, ambacho mitumba ilikuwa imekimaliza. Nje walisimama wanaume wengi, wakilitazama geti lililofungwa kwa mnyororo.

Maxine aliona aibu, kisha akaishinda. “Huyo wa koti ya kijani ni baba yangu,” alisema kwa sauti.

Daktari Nakhumicha alimwendea mzee kwa adabu, akamsalimu kwa mikono miwili. “Mzee wangu, wewe ulisomea nini?”

“Mimi? Kufuma,” alisema Omondi. “Na nilikuwa fundi kabisa. Uliza mtu yeyote hapa.”

“Na sasa?”

“Sasa natafuta kitu ingine ya kuwa fundi.”

Wanafunzi wakacheka, halafu wakaona si jambo la kucheka. Mwalimu akawageukia. “Mimi sitawafundisha mashine, kwa sababu mashine inakufa na mtu anabaki. Nitawafundisha maswali matatu. Kitu hiki kinatoka wapi? Kinakwenda wapi? Na mwisho wake nani anakula au kunywa? Ukiyajua hayo utafanya kazi shambani, kiwandani, wizarani, au katika ofisi ambayo bado haijajengwa. Na siku moja, usije kuniambia maneno mengi. Nionyeshe. Panda matuta mawili, badilisha kitu kimoja tu, halafu unyamaze. Tuta litasema lenyewe.”

Maxine aliyaandika. Ruqayya hakuandika, lakini aliporudi Ruiru alijikuta akiuliza maswali matatu kuhusu chai.

Mwaka wa tatu ulipofika, ule wa kwenda kujifunza kazini, Swaleh mwenyewe ndiye aliyemwombea binti yake nafasi katika kiwanda cha ngozi. Meneja, Bwana Muthoka, alimpokea kwa furaha kubwa.

“Kumbe wewe ndio ule mtu wa environment! Very good. Hii maua ya gate imenishinda kabisa. Sasa imepata mwenyewe.”

Na akampa ndoo, jembe dogo na ovaroli. Hivyo ndivyo watu wengi walivyoelewa mambo siku zile: mazingira ni maua, na maua ni ya getini. Pande mbili za lango kulikuwa na matuta mawili, la kulia na la kushoto, yakiwa makavu na yamejaa vifuniko vya soda. Ruqayya alikasirika mpaka masikio yakamwaka moto. Lakini alilima. Akapanda maua yaleyale ya manjano pande zote mbili, na watu wa idara ya majimaji wakawa wanampigia miluzi wakipita. Swaleh alipita akiangalia chini.

Kisha upepo ukageuka. Wanunuzi wa Ulaya, ambao tangu zamani waliuliza bei tu, walianza kuuliza habari za maji. Maji ya kulowekea ngozi yanaishia wapi? Nani anayapima? Kiwandani hakukuwa na mtu wa kujibu, wala nchini haikuwepo ofisi ya kumlazimisha mtu kujibu. Bwana Muthoka akaangalia dirishani, akamwona msichana wa maua.

Alimwita juu. Palikuwa na chumba kidogo kilichopakwa rangi upya, meza, kiti cha kuzunguka, na kwenye mlango kibao kipya kilichoandikwa AFISA WA MAZINGIRA.

Nisimsingizie ujasiri asiokuwa nao: Ruqayya alikitaka kile chumba. Hilo lilikuwa jina la somo lake, lile lililochekwa na Majengo nzima, limeandikwa kwa rangi ya dhahabu mahali ambapo baba yake angeliona kila siku.

“Ukimaliza chuo unaingia hapa,” alisema Bwana Muthoka. “Ni yako. Kitu moja tu.” Akasogeza karatasi iliyokwisha kupigwa chapa, ikisema kwamba mtaalamu wa mazingira wa kiwanda ameyachunguza maji yanayotoka na kuyakuta safi. “Unaweka sahihi hapo chini. Wageni wa Ulaya wakija wanaona kila kitu iko sawa.”

“Mimi sijayachunguza.”

“Ya nini? Yanapita kwa mashimo matatu huko nyuma. Yakitoka ile ya mwisho ni safi. Hata maua unaweza kumwagilia.”

“Kweli, Bwana Muthoka?”

“Si nimekuambia?”

“Basi nitayamwagilia,” alisema Ruqayya. “Wageni wanakuja lini?”

Alimtajia siku. Ruqayya akasema ataiweka sahihi, au hataiweka, asubuhi ya siku hiyo, mwalimu wake atakapokuja kumkagua. Meneja alisikia neno sahihi tu, akatabasamu. Jioni ileile Ruqayya alikwenda kwenye simu ya posta, akampigia Daktari Nakhumicha na kumwomba aje siku hiyo na si siku nyingine.

Tuta la kulia alilimwagilia maji ya mfereji, yaani ya bomba. Tuta la kushoto, maji ya shimo la mwisho. Udongo ni ule ule, maua ni yale yale, ndoo ileile iliyosuuzwa, saa ileile ya asubuhi. Hakujificha. Alipita na ndoo yake katikati ya kiwanda mchana kweupe.

“Ngai!” alisema bawabu. “Hii maji si itaua hii kitu?”

“Mkubwa amesema ni safi. Wewe unabishana na mkubwa?”

Bawabu hakubishana na mkubwa.

Haikuchukua muda tuta la kushoto likaanza kusinyaa, ncha za majani zikaungua. Bwana Muthoka alilipita kwa gari, akateremsha kioo.

“Hii upande mbona imelala? Ongeza maji!”

Ruqayya akaongeza. Kadiri meneja alivyolalamika ndivyo msichana alivyoongeza, na kadiri alivyoongeza ndivyo tuta lilivyokufa. Wale waliokuwa wakimpigia miluzi waliacha. Walianza kusimama pale wakitoka kazini, wakitazama kulia, wakitazama kushoto, kisha wengine wakijitazama mikono.

Jumapili alikwenda Ruiru kuchukua nguo, akamweleza Maxine.

“Ruki, wewe umeruka akili?” Maxine alipiga makofi. “Job imekuja yenyewe, na jina ya course yetu iko kwa mlango! Sign hiyo karatasi uingie. Ukishakuwa ndani, si utabadilisha vitu polepole?”

“Nikiingia kwa uongo, Maxi, kazi yenyewe itakuwa ni kudanganya. Kila mwaka watanirudishia karatasi hiyohiyo.”

“Na budako akikupeleka commerce?”

Hapo Ruqayya aliogopa. Hasira ilikuwa rahisi kumwonyesha Bwana Muthoka, lakini baba yake hakuwahi kuvunja neno lake.

Siku moja kabla ya wageni, nyumbani Majengo, Mwanaharusi alipakua ugali na sukuma wiki. Swaleh alinawa, akakaa, hakugusa chakula.

“Wenzangu wananiuliza kama binti yangu anataka kiwanda kifungwe,” alisema. “Hata imamu ameniuliza, ngozi za Idi tutazipeleka wapi? Kesho utaweka sahihi, Ruqayya. Kalamu haichomi.”

“Sikiliza baba yako,” Mwanaharusi alidakia. “Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.”

“Mama, sukuma hizi umenunua wapi?”

“Wapi tena? Kwa yule mama wa Kiandutu, kama siku zote.”

“Shamba lake liko wapi?”

“Pale mtoni, chini ya...” Mwanaharusi aliishia hapo. Chini ya kiwanda. Kila mtu wa Majengo alijua lilipo, ila hakuna aliyekuwa amelisema wakati wa kula.

Walitazama sahani. Swaleh aliurudisha mkono wake mapajani, ule wenye vidonda vya uzee.

“Kazi yenye meza iko mbele yako,” alisema hatimaye, taratibu, na sauti yake ilikuwa ya kuomba kuliko kuamuru. “Ukiikataa, neno letu la biashara liko palepale. Mimi sitalirudia.”

“Baba, nimekutii katika mengi. Hili sitii.”

Asubuhi Ruqayya alifika mapema. Tuta la kulia lilikuwa limechanua maua ya manjano tele. La kushoto lilikuwa vijiti na udongo wenye ganda jeupe la chumvi. Bwana Muthoka alishuka ngazi akiwa na suti, karatasi mkononi, akatupa macho getini, na kwa mara ya kwanza akayaona matuta yote mawili kwa pamoja.

“Hii ni nini?”

“Kulia ni maji ya mfereji,” alisema Ruqayya. “Kushoto ni yale uliyoniambia ni safi.”

Meneja aligeuka akatazama barabara. Kisha akaelewa ni gari gani lingepita hapo na lini. “Sahihi!” alisema, akimsukumia karatasi.

“Sitii sahihi.”

“Basi kazi hakuna. Na mimi sisemi umewahi kujifunza kitu hapa. Uone kama utamaliza hiyo chuo yako.” Akageuka na kupaza sauti. “Swaleh! Kuja na jembe! Ng'oa hii takataka yote kabla wageni hawajafika!”

Swaleh alitoka idara ya majimaji akiwa na buti za mpira na jembe begani. Watu wake wakamfuata hadi mlangoni, wakasimama. Ruqayya alimwona baba yake akija, na alimjua mtu huyu: tangu azaliwe hajawahi kumsikia akimwambia meneja hapana. Alisogea akasimama mbele ya tuta la kushoto. Akili ilikuwa imemwambia kwamba ikibidi ataling'ang'ania jembe la baba yake mbele ya kiwanda kizima, na aibu iwe aibu.

Swaleh alimpita. Akalitazama tuta lililochanua. Akaja akalitazama lililokufa, muda mrefu, kama mtu anayesoma kwa shida. Halafu akashusha jembe, akaliegemea.

“Hili ni la nini?” alimuuliza binti yake.

“Ni kazi ya shule, Baba. Mwalimu yuko njiani.”

“Swaleh, nimesema ng'oa!”

“Nimekusikia, bwana.” Sauti yake haikuwa kubwa, lakini mpaka mlangoni waliisikia. “Hayang'olewi. Kitu cha shule hakiguswi mpaka mwalimu akione.”

“Unajua unaongea na nani?”

“Najua. Na huyu ni mtoto wangu, na hii ni kazi yake. Atakayeigusa aanze na mimi.”

Bwana Muthoka alimwamuru bawabu. Bawabu akaanza kutafuta funguo ambazo zilikuwa zinaning'inia shingoni mwake. Aliwaamuru wale wa mlangoni. Hakuna aliyepiga hatua. Honi ikalia nje.

Wageni waliingia kwa gari jeusi, na nyuma yao, kwa miguu kutoka stendi, vumbi mpaka magotini, akaingia Daktari Nakhumicha. Hakumsalimu mtu. Alisimama katikati ya lango, akatazama kulia, akatazama kushoto, akachuchumaa na kuugusa ule ukoko mweupe kwa kidole. Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, aliteremka kwenye gari akaja kuchuchumaa karibu naye.

“Ruqayya,” alisema mwalimu bila kuinuka. “Maji haya yanatoka wapi?”

“Yanatoka kwangu,” alijibu Swaleh kabla ya binti yake. “Idara ya majimaji.”

“Yanakwenda wapi?”

“Mtoni,” alisema Ruqayya.

“Na mwisho wake?”

“Jana jioni, mwalimu, tuliyapakuliwa ndani ya sukuma, pamoja na ugali.”

Yule mama mwenye miwani aliomba atafsiriwe. Daktari Nakhumicha akamtafsiria, neno kwa neno, kwa sauti yake ileile ya kuitia ng'ombe, huku Bwana Muthoka akisema kwamba huyu ni mtoto tu wa kumwagilia maua. Mwalimu akatoa kalamu na kumpa Ruqayya alama zake palepale, juu ya goti. Hakuhitaji kuuliza kiwandani kama msichana alijifunza kitu.

Mkitaka kusikia kwamba kiwanda kilitubu, mmekuja mahali pasipo. Wageni waliondoka bila kununua, kibao cha dhahabu kilibanduliwa kabla ya chakula cha mchana, na mchana huohuo Swaleh akaambiwa asirudi kesho.

Alifika nyumbani akiwa na buti zake mkononi na jembe begani, kwa maana jembe lilikuwa lake. Mwanaharusi aliinama akilia na kulaani meneja, shahada, na maua yenyewe. Ruqayya alikuwa amekaa kizingitini, akingoja lile neno ambalo baba yake hakuwahi kulivunja. Kazi yenye meza haikupatikana. Ahadi ni ahadi, na alikuwa ameshajiandaa kubishana mpaka koo likauke.

Swaleh aliketi kando yake, akaanza kuvua vitambaa alivyojifunga vidoleni, kimoja kimoja.

“Mwalimu ameona?” aliuliza.

“Ameona, Baba.”

“Basi habari za biashara zimekwisha. Jumatatu rudi Ruiru.” Aliigeuza mikono yake juu chini, mikono iliyojua ngozi na kitu kingine chochote haikujua. “Na huyo mwalimu wako, hebu muulize. Anachukua wanafunzi wenye mvi?”